Embe la kwanza, mvua ya kwanza: familia yenu mnasherehekeaje bila kuchangishana?

#1 BabaShija (Ipuli, Tabora) – 28 Septemba

Wakuu, habari za jioni. Mwangaluka kwa watu wa nyumbani, najua ni salamu ya asubuhi lakini mtanisamehe.

Mwaka jana mwezi wa kumi pacha wangu, Kulwa na Doto, walialikwa bethdei kwa jirani. Keki ya ghorofa mbili, baluni, mpiga picha, na ujumbe wa mwaliko uliokuja na namba ya kutuma mchango. Nikatuma elfu kumi nikaomba radhi kwamba mwezi umekaa vibaya. Waliporudi Doto akaniuliza, "Baba, ya kwetu lini?" Nikamwambia tutaona. Wazazi mnaijua hiyo "tutaona".

Kama wiki nne baadaye embe la kwanza likaiva kwenye mwembe wetu wa uani. Ni dodo mzee, tuliukuta wakati tunanunua kiwanja. Embe lilikuwa moja tu, na sisi nyumbani tuko saba pamoja na mama yangu na dada wa kazi. Vita ikaanza. Nikachukua kisu nikasema leo ni sikukuu, hakuna kugombana, kila mtu akae kwenye mkeka. Tukalikata vipande saba. Mdogo kuliko wote, Shija, akachagua wa kwanza, na mama yangu akachagua wa mwisho kwa hiari yake (akaishia na kokwa, na ndicho alichokuwa anakitaka tangu mwanzo). Kabla ya kula, kila mtu aliambiwa ataje jambo moja lililompata tangu embe za msimu uliopita. Dada wa kazi alisema amejifunza kusoma saa ya ukutani. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa anajua kwamba alikuwa hajui.

Ilichukua nusu saa, gharama yake sifuri. Na tangu mwezi wa nane mwaka huu hao watoto wanaukagua ule mwembe kila asubuhi kama askari wa mgambo.

Ndipo nikaanza kufikiri. Wenzetu wa nchi za baridi wana majira yao ya kuchipua, mwezi wa tatu mpaka wa tano, na wana visherehe vyao vidogo vya kifamilia. Sisi tunaiga vya kwao kwa tarehe zao, wakati huku mwezi wa tatu mvua bado inanyesha na shamba limefunga. Kuchipua kwa Tabora ni sasa hivi. Toka nje ya mji kidogo, barabara ya Sikonge au ya Urambo, uangalie miyombo na mitundu. Vumbi limetanda, ardhi imekauka, moto umepita, halafu majani mapya yanatoka mekundu, mengine rangi ya shaba, kabla hata tone moja la mvua halijaanguka. Mvua yenyewe tunaingojea mwezi wa kumi na moja, na ikija inakwenda mpaka wa nne.

Shida ni kwamba miezi hii hii ndiyo mifuko imetoboka. Hela ya tumbaku imeshageuka mbegu na mbolea, ghala linapungua, ada ya Januari inachungulia. Kwa hiyo sherehe ya kukodi viti haiwezekani. Ninayoiona inawezekana ni ile inayofuata kitu kinachokuja chenyewe, kama lile embe.

Nyie kwenu mnafanya nini kati ya Septemba na Desemba? Na msinipe mawazo ya kukodi jumba la bembea.

#2 KigodaChaMbele – 28 Septemba

Nimeshaleta kigoda na karanga zangu. Endeleeni.

#3 MnyamweziWaLeeds – 28 Septemba

Kaka BabaShija, umenigusa. Nipo Uingereza mwaka wa tisa huu, nikueleze wanavyofanya maana na mimi nilikuja na dhana ya keki na baluni.

Kwanza uelewe kwa nini wanafurahi hivyo. Desemba huku jua linazama kabla ya saa 10 jioni. Mtoto anatoka shule taa za barabarani zinawaka. Kwa hiyo Machi ikifika, siku zikirefuka na maua ya njano yakitokeza kando ya barabara, hata mtu mzima anatembea anacheka peke yake. Jumapili ya mwisho ya Machi wanasogeza saa mbele saa moja zima, na jioni inakuwa ndefu ghafla.

Visherehe vyenyewe vingi ni vya jikoni. Kuna Jumanne moja kabla ya Kwaresima, nchi nzima inapika chapati za maji. Asili yake ilikuwa kumaliza mayai na mafuta ndani ya nyumba kabla ya kufunga. Mwanangu anadhani ni sikukuu ya kurusha chapati hewani. Siku ya Mama yao wanaiweka Jumapili ya nne ya Kwaresima, siyo Mei kama nyumbani. Mzee mmoja wa kanisani aliniambia zamani vijakazi walipewa ruhusa siku hiyo warudi kwao kuona mama zao, na njiani walichuma maua ya porini. Mpaka leo mtoto akileta maua matatu yaliyonyauka kwenye kikombe, mama ameridhika. Pasaka ndiyo ile ya kuficha mayai bustanini watoto wayatafute, na shuleni wanatengeneza kofia za karatasi wenyewe. Mbegu wanapanda kwenye pamba iliyoloweshwa, dirishani.

Zile keki za ghorofa zipo pia. Ila nilichojifunza ni kwamba vitu ambavyo watoto wangu wanavikumbuka ni hivi vya bure.

#4 MamaNeema_Isevya – 29 Septemba

Kaka wa Leeds, hayo mayai usiniambie! Niliyajaribu Pasaka mwaka juzi baada ya kuona kwenye simu. Nikachemsha mayai kumi na mawili, nikayapaka rangi ya chakula, alfajiri nikayaficha uani. Kabla watoto hawajarudi ibadani, kunguru walishachukua manne na mbwa wa jirani matatu. Yakabaki matano, watoto wangu wanne, ugomvi ukawa pale pale. Halafu hesabu yangu ilikuwa na kasoro, maana wiki mbili baadaye harufu ikatuongoza kwenye yai la sita nyuma ya mtungi.

Siku hizi nafunga karanga za kukaanga kwenye vikaratasi, vingine natia kashata, nazitundika kwa uzi kwenye matawi. Mtoto anakata kwa zamu, macho yamefungwa kitambaa. Kunguru wananitazama tu.

#5 Mkweli_Daima – 29 Septemba

Nitakuwa tofauti na wengi. Mtoa mada, huu ni umaskini mmeuvalisha kanga mpya. Mtoto anaishi na wenzake. Wenzake shuleni wana picha za bethdei, yeye atasema "tulikata embe"? Watamcheka mpaka ahame darasa. Mimi nilikulia Urambo bila kusherehekewa hata siku moja, na niliapa wanangu hawatapitia hiyo. Natoa keki kila mwaka na sijutii. Kama huna, jinyime bia mwezi mmoja.

#6 BabaShija – 29 Septemba

@Mkweli_Daima bia siijui, labda ungesema sigara ningekaa kimya.

Ila sikukatai. Doto alilia kweli, sikuliandika hilo pale juu. Alilia usiku, siyo siku ya embe, ni ile siku ya bethdei ya jirani. Na sijui kama embe limemfuta yale machozi. Ninachokijua ni kwamba keki ya elfu arobaini na tano ningeikopa, na mwenye duka angekuja kudai mbele ya watoto wale wale niliowanunulia. Hilo nalo wangelikumbuka.

#7 Ticha_Jiografia (Kiloleni) – 30 Septemba

Naomba niongeze kitu kimoja ambacho kinakuja wiki ijayo na hakuna atakayewachangisha.

Tabora tuko karibu nyuzi 5 kusini mwa Ikweta. Tarehe 22 au 23 Septemba jua huvuka Ikweta likielekea kusini, ndiyo siku ambayo usiku na mchana hukaribia kulingana, na kwa vitabu vya wazungu hapo ndipo kuchipua kunaanza kwa nusu ya kusini ya dunia. Baada ya hapo linashuka kama thuluthi moja ya nyuzi, au zaidi kidogo, kila siku. Piga hesabu: tarehe 5 na 6 Oktoba linapita juu ya utosi wetu hapa hapa mjini. Siku hiyo kitu kilichosimama wima kinapoteza kivuli.

Lakini siyo saa 6 kamili mchana. Saa zetu Tanzania nzima zinafuata mstari wa nyuzi 45 mashariki, ambao uko baharini huko mbele ya Pwani, na sisi tuko magharibi sana. Kwa hiyo hapa Tabora jua la utosini linafika kama saa 6 na dakika 37. Anzeni kuangalia saa 6 na nusu. Chukua chupa, iweke mahali tambarare, watoto wazungushe chaki kwenye kivuli kila dakika tano. Kitasogea, kitapungua, kitaingia chini ya chupa. Tarehe 4 na 7 tofauti yake ni ndogo sana, kwa hiyo kukiwa na wingu usilie.

Inarudi tena tarehe 7 au 8 Machi, safari hiyo karibu na saa 7 kamili mchana. Ila Machi mawingu mengi.

Mimi nyumbani tunaiita Siku ya Kivuli. Tunakula mchana uani, ukwaju wa baridi, na michembe ya kuchemsha na karanga. Basi.

#8 KigodaChaMbele – 30 Septemba

Mwalimu, nimeishi Tabora miaka 41 na nimekuwa nikipoteza kivuli changu mara mbili kwa mwaka bila taarifa?!

#9 Mjukuu_Sikonge – 2 Oktoba

Nimemsomea bibi uzi huu wote, amecheka sana kwenye mbwa na mayai. Naandika anavyosema, yuko hapa pembeni.

Anasema sherehe ya watoto wa Unyamwezi ni usiku wa kumbikumbi. Mvua za kwanza zikishapiga, jioni hewa ikiwa imetulia, wanatoka ardhini kwa maelfu wanafuata mwanga. Mnazima taa zote za nyumba mnabakiza moja nje, chini yake beseni la maji. Zamani ilikuwa mwenge wa majani, siku hizi ni tochi ya simu. Wanaangukia majini, mabawa yanakatika. Kesho yake yanapepetwa kwa ungo, kumbikumbi wanakaangwa kwenye kikaango kikavu na chumvi kidogo, hawahitaji mafuta maana wanayo yao. Anasema usiku huo mtoto aliruhusiwa kuchelewa kulala, ndiyo ilikuwa zawadi kubwa kuliko kumbikumbi wenyewe.

La pili ni mkesha wa kupanda. Wazee wa zamani walikuwa wanatambika kwanza, wananyunyiza maji ya unga, ndipo mbegu zitoke ndani. Bibi sasa ni Mkristo wa kila Jumapili kwa hiyo anaomba sala tu, lakini sehemu ya watoto hajaiacha: kila mjukuu anapewa konzi moja ya karanga na tuta lake. Atapanda mwenyewe, atapalilia mwenyewe, mwezi wa nne atavuna mwenyewe, na mtu mzima akitaka kuonja ataomba. Mimi tuta langu la mwisho lilikuwa darasa la sita. Baba yangu aliniomba karanga mbele ya wageni, akasema "naomba, mwenye shamba". Sijasahau.

Bibi anauliza hao watu wa keki, keki inaota?

#10 MwanaUjiji – 3 Oktoba

Bibi shikamoo! Hilo swali la keki lipelekwe bungeni.

Sisi Kigoma msimu wetu hauamuliwi na mti, unaamuliwa na mwezi. Baba yangu alikuwa mvuvi wa dagaa. Dagaa wanavuliwa usiku kwa taa, zamani karabai, sasa hivi taa za betri na sola. Mwezi ukiwa mkubwa taa haina kazi, ziwa zima linang'aa, samaki hawakusanyiki. Kwa hiyo siku za mbalamwezi vyombo vinakaa nchi kavu, nyavu zinashonwa, na baba yupo nyumbani. Siku nyingine zote alikuwa ni mtu wa kuonekana akiwa amelala mchana.

Sasa mama aliweka sheria: hakuna bethdei kwenye giza. Mtoto aliyezaliwa tarehe yoyote ile anasubiri mbalamwezi inayofuata, ili baba awepo. Mimi ni wa tarehe 19 Oktoba lakini nimesherehekea mpaka tarehe 10 Novemba. Chakula ni mgebuka kwa mawese na ugali wa muhogo, mwenye siku yake anapewa kichwa cha samaki na haki ya kukaa karibu na baba. Tunakula nje, bila taa, mbalamwezi inatosha. Mpaka leo nikiulizwa umri huwa nafikiri kwanza mwezi uko wapi.

Mwalimu, na sisi kivuli kinapotea lini?

#11 Ticha_Jiografia – 3 Oktoba

@MwanaUjiji tarehe ni zile zile maana tumelingana upande wa kusini, lakini nyie mko magharibi zaidi yetu, jua linawachelewa kama dakika 13. Angalieni saa 6 na dakika 50.

#12 MamaNeema_Isevya – 6 Oktoba

Ripoti kutoka Isevya! Chupa ya soda, chaki, watoto wanne wangu na sita wa jirani. Saa 6 na dakika 20 kivuli kilikuwa bado kinaonekana pembeni. Jirani mmoja akapita akauliza tunaagua nini. Saa 6 na dakika 35 hivi kikawa kimeingia chini kabisa, chupa imesimama kama imebandikwa. Watoto wakaanza kukimbia wakitafuta vivuli vyao, wakavikuta vimejikunja chini ya miguu. Kelele hiyo!

Tatizo ni mwanangu mdogo wa miaka mitatu. Aliangua kilio, "Kivuli changu kimekufa." Ilibidi nimbebe mpaka saa 8 kilipoanza kurefuka tena, ndipo akakubali kula. Nikampa ukwaju wa kaka zake pia.

#13 Binti_wa_Ngambo – 7 Oktoba

Assalaam aleikum. Kwetu sikukuu kubwa hazina majira maalumu, mwaka wa Kiislamu unarudi nyuma kama siku 11 kila mwaka, kwa hiyo Idi ninazozikumbuka nyingine zilikuwa za embe na nyingine za vumbi. Lakini kidogo tunachokifanya wakati wowote ni mtoto akimaliza juzuu. Akihitimu Amma, mama anapika kalimati na visheti, mtoto anazipeleka mwenyewe madrasa, anampa ustadhi kwanza, halafu wenzake. Jioni bibi anamtia udi kwenye nguo. Hakuna anayechangishwa, na hakuna anayekuja na zawadi, maana mtoto ndiye anayetoa.

Nilivyosoma bethdei za kutuma mchango nikawaza hapo ndipo mambo yalipogeuka. Kwetu mwenye furaha ndiye anayelisha wengine.

#14 Mkweli_Daima – 7 Oktoba

@Binti_wa_Ngambo hapo umesema. Hata mimi michango inanikera, keki nanunua kwa hela yangu.

Na Mwalimu, tulijaribu kile kivuli tarehe 6. Mke wangu ndiye aliyelazimisha. Sina la kusema.

#15 KigodaChaMbele – 7 Oktoba

Mkweli_Daima hana la kusema! Andikeni tarehe.

#16 Nesi_Mstaafu – 11 Oktoba

Naingilia kidogo kabla mvua haijaja, maana najua mtu ataleta wazo la kwenda porini na watoto kutafuta uyoga. Ni safari nzuri, mimi mwenyewe nilikuwa naipenda. Lakini nenda na mzee anayeujua uyoga wa eneo hilo, siyo aliyeuona kwenye simu. Ule wa sumu mwingine unafanana na wa kuliwa, na kupika hakuondoi sumu yake. Mwingine madhara yake hayaonekani mpaka saa nyingi zimepita, mtu anatapika, anapata nafuu kidogo, mnadhani amepona, kumbe ini linaharibika. Mkiwa na wasiwasi mkimbizeni hospitali hapo hapo na mwende na mabaki ya uyoga wenyewe. Na watoto wafundishwe kuchuma wakaonyeshe, siyo kuchuma wakaonje.

Kumbikumbi wa bibi hawana shida hiyo. Ila anayewala kwa mara ya kwanza aanze na wachache, hasa kama kamba na dagaa kamba humwasha mwilini.

#17 Ticha_Jiografia – 12 Oktoba

Nimekumbuka moja la darasa la saba. Mtihani wao huisha Septemba, halafu nyumba inakaa tumbo joto ikingoja matokeo, na sherehe inakuwa ya aliyefaulu tu. Mwaka huu binti yangu alimaliza, tukafanya kabla ya matokeo. Siku ya mwisho aliporudi alifua sare yake mwenyewe, akaipiga pasi, jioni akamkabidhi mdogo wake anayeingia darasa la tano, pamoja na kalamu mbili zilizobaki. Mdogo akaivaa hapo hapo, ikampita magoti. Tulicheka mpaka majirani wakaja. Chakula kilikuwa wali maharage, kama siku zote.

#18 BabaShija – 16 Novemba

Wakuu, mrejesho.

Mvua ya kwanza ya maana ilinyesha juzi usiku. Tuliamka wote, tukatoka barazani, mama yangu akanyoosha mkono akajipaka maji usoni, hakusema kitu. Jana usiku kumbikumbi wakatoka. Tulifuata maelekezo ya bibi wa Sikonge, beseni na tochi. Kulwa alipata wengi, Doto alikuwa anawaokoa majini na kuwarushia nje, kwa hiyo hesabu ikawa ngumu. @Mjukuu_Sikonge mwambie bibi ahsante, tuta za karanga tunapiga Jumamosi.

Sasa la embe. Asubuhi hii Shija kaja mbio chumbani, limeanguka. Tumetoka wote na mkeka. Kulichukua, upande mmoja limeliwa mpaka kwenye kokwa. Popo wametutangulia usiku.

Tumekaa kwenye mkeka, kisu ninacho mkononi, na Shija anataka kujua popo naye anahesabiwa au hahesabiwi, maana kama anahesabiwa basi kipande chake ameshachukua na yeye ndiye aliyechagua wa kwanza.